Engaruka: Mawe ya Wakulima Wasio na Mfalme

Mkulima wa Nkoma, mkoani Simiyu, anaijua jaruba. Huinua kingo za udongo, hunasa maji ya mvua, na shamba la mpunga husimama mbugani. Mvua isipokuja, jaruba hubaki kavu, naye hubaki akitazama mawingu. Mashariki yake, ng'ambo ya Serengeti na nyanda za juu za Ngorongoro, waliishi wakulima ambao hawakuwa na anasa ya kungoja mawingu. Makazi yao ni Engaruka, wilayani Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa.

Mvua ya hapo ni haba, lakini vijito hushuka kutoka milimani. Kati ya karne ya 15 na ya 18, watu hao waliyachepusha maji hayo kwa mifereji iliyojengewa mawe makavu, bila chokaa wala saruji, wakayapeleka katika mashamba yaliyoenea takriban hekta 2,000. Kila kipande cha shamba kilizungushiwa mistari ya mawe, kama jaruba zilizokataa kubomoka. Mawe yaliyozidi yalirundikwa kama vichuguu. Juu ya mteremko vilikaa vijiji saba, nyumba zake zikiwa juu ya vitako vilivyosawazishwa kwa kuta za mawe. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta punje za mtama zilizoungua, pamoja na mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Hata udongo ulikuwa kazi ya mikono: katika baadhi ya mashamba, kuta ziliwekwa makusudi ili kunasa tope lililobebwa na maji, na shamba likakua tabaka juu ya tabaka.

Mpelelezi Mjerumani Gustav Fischer alipita hapo mwaka 1883 na kuandika habari za magofu hayo. Mwaka 1935 mwanaakiolojia Louis Leakey aliyatazama mawe hayo mengi akakadiria wakazi 30,000 hadi 40,000. Mwanaakiolojia Hamo Sassoon alichimba katika miaka ya 1960, kisha mwenzake John Sutton akaipunguza hesabu hiyo hadi watu elfu chache. Hoja yake ni nyepesi kwa yeyote aliyewahi kushika jembe: mashamba yote hayalimwi msimu mmoja. Kipande kinachoka, kinaachwa, kingine kinafunguliwa. Mawe tunayoyaona leo ni jumla ya vizazi vingi, si picha ya mwaka mmoja.

Swali lililo gumu zaidi ni nani aliyeamuru kazi yote hiyo ifanyike. Katika nyanda za juu za Andes, Amerika Kusini, karne nyingi kabla ya Wainka, watu wa Tiwanaku karibu na Ziwa Titicaca waliinua matuta makubwa ya kulimia, na mifereji kati yake ikayakinga mazao na baridi kali. Lakini huko mashamba yalikwenda sambamba na mahekalu makubwa ya mawe. Engaruka, iliyoanza kustawi Wainka walipokuwa wakijenga dola yao, haina hekalu wala kasri. Haijaonekana nyumba iliyo kubwa kupita zote.

Jibu linaweza kutafutwa kwa Wasonjo, au Wabatemi, wanaoishi kaskazini zaidi katika wilaya ya Ngorongoro na kumwagilia mashamba hadi leo. Kwao maji yalisimamiwa na baraza la wazee waitwao wenamiji, waliopanga nani afungue mfereji na lini. Si lazima watu wa Engaruka wawe babu zao ili mfano huo utufae. Mfereji unaopita mashamba mengi hauwezi kudumu karne tatu ikiwa aliye juu anayafunga maji peke yake.

Katika karne ya 18 vijiji vilihamwa. Kupungua kwa maji, kuchoka kwa ardhi na kuenea kwa Wamasai bondeni vyote vimetajwa, na huenda kimoja kilikikaribisha kingine. Leo ni mto Engaruka tu unaotiririka mwaka mzima, na wakulima wa kijiji cha sasa bado wanauchepusha kumwagilia mashamba yao, hatua chache kutoka mifereji ya zamani.

Mwenye jaruba wa Nkoma akisimama juu ya kuta hizo hatahitaji mkalimani. Atainama, ataangalia mteremko, na swali lake la kwanza halitakuwa la mfalme: atauliza maji yalikuwa zamu ya nani.