Meza ya Fundi

Msomaji, ukiulizwa uvitaje vyombo vya fundi seremala, utataja msumeno, randa, patasi, nyundo na keekee. Ukiulizwa vyombo vya mhunzi, utataja fuawe, koleo na mivuo. Ni wachache watakaoitaja meza. Meza haikati, haitoboi wala haigongi. Husimama tu, na kitu kinachosimama kimya husahauliwa upesi. Lakini jaribu kupiga randa ubao uliolazwa mchangani, nawe utajua thamani yake. Ubao utaikimbia randa, makali yatalika kwa mchanga, na mgongo wako utalalamika kabla ya adhuhuri. Kazi ya fundi ina nusu mbili: nusu moja ni kukata, na nusu ya pili ni kukishika kinachokatwa. Meza ndiyo mkono wa tatu wa fundi. Na tuifuate historia yake, tukianza na siku za kale za pwani ya Kenya na kuishia katika mtaa wa Kisumu Ndogo mjini Malindi.

Meza ya kwanza ya fundi ilikuwa mwili wake mwenyewe. Mtazame mchongaji wa vinyago. Aghalabu huketi chini, akalibana gogo kwa nyayo zake, akalizungusha kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukishusha tezo. Ufundi huu wa Wakamba wa kuchonga vinyago vya kuuza haukuanza jana. Husimuliwa habari za Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu, aliyeuona uchongaji huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu vya 1914 hadi 1918, akarudi nao nyumbani. Kutoka Wamunyu ulienea hata Mombasa na Malindi, ambako wachongaji waliunda vyama vyao vya ushirika. Hapana haki ya kumdharau mtu huyu kwa kuwa hana meza. Nyayo zake zimefundishwa kazi ambayo jiliwa ya chuma haiwezi kuifanya. Lakini mwili huchakaa, nao hauna vipuri.

Mhunzi naye alikuwa na meza yake, yaani fuawe. Kazi ya chuma ni ya kale katika nchi hii. Al-Idrisi, mwanachuoni wa jiografia aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154 katika kisiwa cha Sicily, aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kukifanyia biashara. Katika miaka ya baada ya 2010, wachimbuzi wa mambo ya kale kutoka China na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walifukua Mambrui, kaskazini ya Malindi, wakaona dalili za uyeyushaji wa chuma. Basi kijana wa Malindi anayeunga vyuma leo asidhani kwamba anafanya kazi ya kigeni. Kabla ya babu wa babu yake, moto wa mhunzi uliwaka karibu na hapo.

Lugha yetu nayo ni ghala la historia hii. Neno "karakana" lina asili ya Kiajemi. "Meza" na "parafujo" ni maneno ya Kireno, na Wareno walifika Malindi mara ya kwanza Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga na kupewa rubani wa kumwongoza kwenda Bara Hindi. "Benchi" ni neno la Kiingereza. Usikosee, msomaji, ukasema kwamba kabla ya wageni hao watu wa pwani hawakuwa na mahali pa kufanyia kazi. Neno la kuazima si ushahidi wa umaskini. Ni ushahidi kwamba fundi wa pwani alitazama vyombo vya wengine, akachagua kilichomfaa, akakipa nafasi katika karakana yake na katika kinywa chake.

Meza ndefu ya useremala, yenye kibano cha kushika ubao, ilikuwa imekwisha kukua polepole huko Ulaya. Herculaneum, mji wa Italia uliofunikwa na mlima wa moto mwaka 79, ulikuwa na picha ya ukutani iliyoonyesha maseremala wakipasua mbao juu ya benchi. Miaka mingi baadaye, kati ya 1769 na 1775, Mfaransa André Jacob Roubo alitoa vitabu vikubwa juu ya useremala, akaieleza humo meza ya fundi: ubao wake mnene, miguu yake mizito, na namna ya kukibana kitu juu yake.

Pwani ya Kenya meza ya namna hiyo ilienezwa sana na shule. Mwaka 1875 Freretown ilianzishwa karibu na Mombasa kuwa makao ya watu waliokombolewa utumwani, na kazi za mikono zilikuwa sehemu ya mafunzo yao. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilianzishwa Mombasa taasisi ya elimu ya ufundi kwa Waislamu, ambayo baada ya kubadilika mara kadhaa ikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa mwaka 2013. Baada ya uhuru, kuanzia miaka ya mwisho ya 1960, vikaja vyuo vya ufundi vya vijijini, kwa ajili ya vijana waliomaliza shule ya msingi bila kupata nafasi ya kuendelea.

Hapa ndipo taabu ilipoanza. Kijana alijifunza kazi juu ya meza ya chuo. Alipohitimu aliuchukua ujuzi wake, lakini meza ilibaki chuoni. Alikwenda mjini, akatafuta kivuli cha mwembe au kipande cha bati, akaanza kazi. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa walitoa taarifa juu ya Kenya, wakaueleza ulimwengu kwamba watu hawa waliodhaniwa kuwa wazururaji walikuwa wakizalisha mali na kujiajiri wenyewe. Wananchi waliwaita kwa jina lililo wazi zaidi: jua kali. Katika miaka ya 1980 serikali ilianza kuwajengea vibanda, lakini mafundi walikuwa wengi kuliko vibanda.

Sasa tufike Kisumu Ndogo. Jina la mtaa huu latukumbusha mji wa Kisumu ulio kando ya ziwa, ambako reli iliyotoka Mombasa ilifika mwaka 1901. Majina husafiri na watu, na mitaa yenye majina ya namna hii hutuonyesha kwamba mji wa pwani si wa kabila moja. Katika mitaa kama huu huja mtu mwenye nyundo yake na nia yake, akaanza maisha. Lakini aghalabu haji na hati ya ardhi.

Jambo hili lina mizizi mirefu. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi za pwani. Kila aliyekuwa na dai alitakiwa alipeleke mbele ya maofisa, na ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa mali ya serikali. Wengi, hasa Wamijikenda, hawakupata hati za mashamba waliyoyalima. Uhuru ulikuja mwaka 1963, lakini neno "skwota" halikuondoka, na mpaka leo shauri la ardhi halijaisha katika Kaunti ya Kilifi.

Waweza kuniuliza: ardhi na meza vina udugu gani? Vina udugu wa damu. Meza nzuri ya kale hupenda kukaa. Miguu yake huchimbiwa ardhini au huungwa kwa saruji, uzito wake ukawa ndio nguvu yake. Fundi asiyejua kama mwakani atakuwa mahali hapo hawezi kujenga meza ya namna hiyo. Hutengeneza ya muda, kwa mabaki ya mbao na misumari. Meza hiyo hutikisika, na meza inayotikisika hutoa mlango uliopinda. Mteja akiuona mlango uliopinda husema fundi hajui kazi, kumbe fundi ajua, ila hana pa kusimamishia ujuzi wake. Na siku ya kuhama, meza ya misumari hung'olewa ikavunjika, kazi ikaanza upya.

Je, yaweza kupatikana meza iliyo imara kama ya kale, nayo iweze kufunguliwa, kubebwa na kuungwa tena bila kuharibika? Jibu la swali hili lilihitaji mambo mawili: kipimo kimoja na metali nyepesi.

Kipimo kilianza na kitu kidogo, parafujo. Zamani kila karakana ilikata parafujo zake kwa namna yake, na nati ya fundi mmoja haikuingia katika bolti ya mwingine. Karibu na mwaka 1800 Mwingereza Henry Maudslay alitengeneza mashine ya kukereza iliyokata parafujo kwa usahihi. Joseph Whitworth, aliyewahi kufanya kazi katika karakana yake, alipendekeza mwaka 1841 kwamba nchi nzima ifuate kipimo kimoja cha meno ya parafujo. Tangu hapo kitu kilichotengenezwa na mtu mmoja kiliweza kuungana na kilichotengenezwa na mtu ambaye hawakuonana kamwe. Hayo ni mapatano makubwa, ingawa hayakupigiwa mizinga.

Metali nyepesi ni alumini. Ilipatikana mara ya kwanza mwaka 1825 kwa kazi ya Hans Christian Ørsted wa Denmark, lakini ilikuwa taabu kuipata, ikahesabiwa pamoja na vitu vya anasa. Mwaka 1884 ncha ya mnara wa Washington huko Marekani ilifanywa kwa alumini, kwa kuwa ilikuwa metali ya fahari. Miaka miwili baadaye, 1886, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja peke yake, waligundua njia ya kuitoa kwa nguvu za umeme. Bei ikaanguka, na metali ya wafalme ikaingia jikoni. Sufuria, ambayo jina lake latokana na neno la Kiarabu lenye kuhusu shaba, leo aghalabu ni ya alumini, na mafundi wa jua kali huyeyusha alumini kuukuu kuisubu upya. Kuiyeyusha iliyokwisha kutumika huhitaji kama sehemu 5 tu katika 100 za nguvu zinazohitajika kuipata mpya.

Kutokana na kipimo na metali hiyo ikazaliwa meza ya siku hizi. Miguu na mihimili yake ni vipande vya alumini vyenye mfereji kila upande. Katika mfereji huingizwa nati, bolti ikakazwa kwa ufunguo, na fremu ikasimama bila kuungwa kwa moto. Ukitaka kuirefusha, waongeza kipande; ukitaka kuishusha kwa ajili ya fundi mfupi, walegeza bolti, wateremsha, wakaza. Ukihama, waifungua na kuifunga kama mzigo wa kuni. Ujazo wa lita moja wa alumini una uzito wa kilo 2.7, na wa chuma kilo 7.8, kwa hiyo kinachobebwa na watu watatu chaweza kubebwa na mmoja. Tena alumini haili kutu kama chuma, jambo lenye maana katika mji unaopigwa na upepo wa chumvi.

Lakini yatupasa tuseme kweli yote. Kipande cha alumini, kikiwa na umbo lile lile la kipande cha chuma na kubeba mzigo ule ule, hupinda karibu mara tatu zaidi. Meza hii yafaa kwa seremala, mshonaji, na fundi wa saa au redio. Haifai kuwekewa fuawe. Bolti za chuma zikigusana nayo penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa mahali pale. Isitoshe, vipande vya mifereji huletwa kutoka ng'ambo, na bei yake si ya mfuko wa kila fundi.

Basi faida ya historia hii ni nini kwa kijana wa Kisumu Ndogo asiye na fedha za kununua meza hiyo? Faida ni kwamba aweza kuichukua akili yake na kuiacha metali yake. Pwani ya Kilifi ina mivinje mingi. Pima miguu minne ya urefu mmoja, toboa matundu kwa kipimo kimoja, tumia bolti na nati badala ya misumari, nawe utakuwa na meza inayofunguka na kuungika. Wachongaji wa Malindi wamekwisha kutuonyesha mfano: mpingo na muhugu ulipopungua waligeukia mwarobaini, na mikono yao haikupoteza ufundi kwa kubadili mti.

Hata hivyo usidanganyike kwamba bolti zitamaliza kila taabu. Meza inayobebeka humsaidia fundi asipoteze mali yake anapohama. Haimpi haki ya kutohamishwa. Haki hiyo hutafutwa katika mabaraza, katika ofisi za ardhi na katika sheria, nayo yataka watu wanaojua kusoma na kupima. Wewe unayesoma leo huenda ukawa mpimaji wa ardhi, hakimu, mwalimu wa ufundi, au fundi mwenyewe. Ukiwa yeyote kati ya hao, kumbuka kwamba mkono wenye ustadi wahitaji mahali pa kutulia, na kwamba mji usiompa fundi wake mahali pa kusimama utanunua milango yake kwa wengine.