Wakoloni Waliogopa Nyimbo za Cucu Wako

Wasee, tuongee kidogo. Ukipanda matatu kutoka Nyeri hadi Karatina utapigiwa rege ya Karibiani njia nzima, na kila mtu atakuambia hayo ndiyo mashairi ya ukombozi. Sawa, ni kweli. Lakini yetu je?

Anza na 1929. Wamisheni wanapinga tohara ya wasichana, Wakikuyu wengi wanajibu kwa wimbo na densi, Muthirigu. Mimi tohara hiyo siiungi mkono hata kidogo. Lakini wimbo ulibeba pia hasira ya ardhi, ukiwakejeli wamisheni na machifu wao. Mwaka 1930 serikali ikaupiga marufuku. Yaani dola yenye bunduki inaogopa wimbo!

Kizazi cha Mau Mau kikawa kijanja zaidi: maneno ya ardhi na uhuru yakawekwa kwenye tuni za kanisani. Mzungu akipita anadhani watu wanasali.

Hapo ndipo anaingia Gakaara wa Wanjau, mtoto wa misheni ya Tumutumu. Alliance walimfukuza 1940 baada ya mgomo, akaendelea kuandika. Mwaka 1952 akatoa ungamo la imani ya Gikuyu na Mumbi, kwa mtindo ule wa kanisani. Oktoba hiyo hiyo akakamatwa, akazungushwa kizuizini miaka, hadi kisiwa cha Manda huko Lamu. Huko akaandika shajara kwa siri.

Mwaka uliofuata, 1953, Waingereza haohao wakamfunga Martin Carter kule Guyana. Kosa? Siasa. Mashairi yake yakachapishwa London 1954. Umeona? Bahari mbili, mkoloni mmoja, woga uleule.

Shajara ya Gakaara ilitoka kama kitabu 1983, kwa Kikuyu, na 1984 ikashinda Tuzo ya Noma (ndiyo, inaitwa hivyo). Miaka miwili baadaye, serikali yetu wenyewe, sio ya mkoloni, ikamkamata tena. Alifariki 2001.

Point yangu ni hii: mashairi ya Carter yako kwenye vitabu. Nyimbo zetu nyingi ziko kwenye vichwa vya wazee wa miaka tisini, na wanaondoka kila mwezi. Ukienda ushago wikendi hii, weka simu mezani, bonyeza rekodi, useme: "Cucu, niimbie zile mlizokatazwa."