Kituo cha Msafiri: Masasi na Newala katika Habari za Safari za Zamani

Msafiri wa siku hizi atakaye kuzunguka kaskazini ya Tanzania kwa gari, toka Arusha hadi Tarangire, Ziwa Manyara, Ngorongoro na Serengeti, hukaa kwanza na orodha ya loji na makambi ya porini, akachagua. Hutazama bei, urefu wa mwendo wa kila siku, na baraza inayoelekea bonde au mahali wanyama wanywapo maji. Kuchagua huko twakuona kuwa jambo jepesi. Lakini mwanachuo wa historia hana budi kuuliza: kabla ya kuwapo loji, mahali pa kulala msafiri palichaguliwa na nani, na kwa sababu gani? Nataka kulijibu swali hili kwa habari za Masasi na Newala, kusini kabisa ya nchi, ambako orodha hizo hazifiki ila kwa nadra.

Iko sababu ya kuzitaja kaskazini na kusini pamoja. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa mila na desturi za watu kutoka Makumbusho ya Leipzig, alifika Dar es Salaam naye amekwisha chagua safari ya kaskazini, kwenye nchi ya Kondoa-Irangi. Habari za machafuko ya huko zikamzuia. Akageuza shauri, akapanda meli kwenda Lindi, na kutoka Lindi akaingia bara kwa miguu hadi Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, na mwaka wa pili yake Alice Werner, ambaye Waswahili wanamjua kwa kazi yake juu ya lugha yetu, akakitia katika Kiingereza. Hivyo mojawapo ya habari ndefu tulizo nazo za Umakonde wa wakati ule ilizaliwa na safari iliyoshindikana mahali pengine.

Yafaa kwanza kuijua nchi yenyewe. Masasi haiko juu ya uwanda wa Makonde. Iko magharibi yake, katikati ya vilima vya mawe vinavyosimama peke yake kama visiwa. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda, na mtu akisimama pale panapoitwa Shimo la Mungu huona nchi imeporomoka chini yake kuelekea Ruvuma. Mvua hunyesha juu, lakini mchanga huinywa yote, na maji hutokea tena chini, kwenye chemchemi za miguuni pa uwanda. Kwa hiyo mwenyeji wa juu alikuwa akishuka na mtungi mtupu na kupanda nao umejaa, saa nyingi kwa siku. Juu ya hayo, uwanda ulifunikwa na kichaka kizito. David Livingstone alipopita bonde la Ruvuma mwaka 1866 ilimbidi awaajiri Wamakonde wenye mashoka wamkatie njia ya kupitisha ngamia zake.

Mtu aweza kushangaa kwa nini watu walichagua kukaa mbali na maji namna hiyo. Wamakonde wenyewe wanalo jibu, nalo limo katika hadithi ya asili yao, ambayo Weule pia ameiweka kitabuni. Mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, ikageuka mwanamke. Walipokaa bondeni karibu na mto, mtoto wao alizaliwa mfu. Wakapanda juu kidogo, wa pili naye akafa. Walipofika juu ya uwanda, wa tatu akaishi. Wakawausia watoto wao wakae juu, mbali na mabonde. Tusiidharau hadithi hii. Hapa kuchagua mahali pa kulala ni kuchagua uhai wa kizazi, na safari ya kila siku ya kuteka maji ni bei iliyokubaliwa kwa kujua.

Tutazame sasa wageni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule aliyetunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha 1870, alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, wakashuka Lindi na kwenda bara. Nia yake ilikuwa kuwarudisha kwao, mbele zaidi, karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakaona udongo mwema na maji, na wengi wakaona wamekwisha kufika kwao. Kituo cha njiani kikawa mji. Aliyepachagua hapo hakuwa kiongozi wa safari. Walikuwa wale waliotembea nyuma yake, nao walikuwa na sababu kubwa ya kutaka kuchagua wenyewe, kwa kuwa utumwani hawakuchaguliwa ila na wengine.

Miaka 30 baadaye Weule alipita katika nchi yenye majeraha. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilifika Masasi, majumba ya misheni yakachomwa, na sehemu nyingi za kusini zikaingia njaa. Katika hali hiyo akaja na msafara wa wapagazi Wanyamwezi, wote wakihitaji chakula na maji kila siku. Chingulungulu alikaa katika mji wa Matola, mkuu wa Wayao, na watu wakamjia wakamweleza unyago, nyimbo na kazi zao. Newala alikaa bomani, akalalamika sana juu ya upepo wa baridi wa jioni. Husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini juu ya uwanda kila debe la maji aliyooga mgeni lilipandishwa mlima na kichwa cha mtu.

Lugha yetu imeyahifadhi mambo haya kuliko vitabu. Neno kituo latokana na kutua, na mwenye kutua ni mwenye mzigo. Jua nalo hutua, na wapagazi walitamani mambo hayo mawili yaambatane. Bwana wa safari hakubeba kitu, basi kwa haki ya lugha hakutua kitu. Hata hivyo kitabu husema kwamba yeye ndiye aliyepiga kambi. Baraza ni mahali pa mwenyeji, na mgeni hukaa hapo kwa kukaribishwa. Boma ni mahali pa serikali, na mgeni hukaa hapo kwa amri. Dago ni la wawindaji na wavuvi, wajengao kwa muda na kuondoka. Kila neno lasema nani amempokea nani. Neno loji, lililoingia juzi, halisemi habari ya mpokeaji wala ya mchukuzi. Lamjua mlipaji tu.

Sisemi kwamba loji ni mbaya, wala kwamba zamani palikuwa pema. Katika miaka ya 1950 maji yalianza kusukumwa kwa mashine toka chini hadi juu ya uwanda, na hakuna mama wa Newala anayeulilia mtungi wa zamani. Karibu na Masasi yako mapori ya akiba ya Lukwika-Lumesule na Msanjesi, na huenda siku moja orodha za wasafiri zikayataja kama zinavyoitaja Serengeti. Ikiwa hivyo, wapangao safari hizo waanze na swali la kale: maji ya mgeni yatatoka wapi, na yatampungukia nani?

Nasi wa lugha tunayo kazi yetu. Majina ya vituo vya kati ya Lindi, Masasi, Newala na Ruvuma, pamoja na maana zake katika Kimakonde, Kimakua na Kiyao, wanayajua wazee waliosikia kwa baba zao waliochukua mizigo. Yakusanywe sasa, kwa vinywa vyao, kijiji kwa kijiji, kabla hatujabakiwa na majina ya wale waliobebewa tu.