Ordinatere inajizima na kujiwasha bila kuacha nyuma ya sasisho: mambo ya kufanya mbele ya kuformate

Inatokea mara mingi: ordinatere ya nyumbani inapokea sasisho la Windows, ile watu wengi wanaita « mise à jour ». Inaomba kuzimwa na kuwashwa tena, na tangu pale haifunguke vizuri. Alama ya Windows inaonekana, viduara vinazunguka, skrini inakuwa nyeusi ao buluu, kisha mashine inaanza tena mwanzo. Inaweza kuzunguka vile siku muzima. Mwenye mashine anaibeba kwa fundi, na jibu la haraka ni moja: « tuformate ». Shida ni kwamba kuformate kunafuta TFC ya mwanafunzi, picha za ndoa na hesabu za duka, na mara mingi hakukuwa lazima.

Sababu ni gani?

Sasisho linabadilisha mafaili ambayo Windows inatumia ili iwake. Kama umeme unakatika katikati ya kazi hiyo, mashine inabaki na mafaili nusu ya zamani, nusu ya mupya. Ndiyo maana delestaji ni adui mukubwa wa sasisho. Sababu zingine ni disiki iliyojaa, programu ya kupinga virusi isiyopatana na sasisho, ao piloti, ni kusema programu ndogo inayoongoza skrini, sauti ao Wi-Fi.

Hata mashine za makampuni makubwa zinapatwa. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja lenye kosa la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha ordinatere zipatazo milioni 8.5 duniani, kufuatana na hesabu ya Microsoft. Ndege zilibaki chini, na hospitali zikasumbuka. Lakini dawa haikukuwa kuformate: kwa mashine nyingi, mafundi waliziwasha katika hali ya usalama na kufuta faili moja tu.

Kwanza kujua kama ni sasisho kweli

Kama mashine inajizima hata wakati iko ku menyu ya buluu ya matengenezo, mbele Windows haijaanza, sasisho halina kosa. Hapo tuangalie moto wa umeme unaopanda na kushuka, vumbi na joto ndani ya mashine, batri, ao barete ya memwari. Kama menyu hiyo inakaa vizuri lakini Windows ndiyo inaanguka, basi hatua hizi zinafaa.

Hatua moja kwa moja

1. Kuchomoa kila kitu: kle USB, emprimante, disiki ya inje. Mashine iwe ku umeme wa kutulia, ao batri iwe imejaa.

2. Kama skrini inaandika kwamba Windows inarudisha mabadiliko nyuma, kuiachia wakati, hata saa moja na zaidi. Kuizima pale kunaongeza uharibifu.

3. Kama inazunguka tu: alama ya Windows ikionekana, kufinya kifungo cha kuwasha mupaka mashine ife. Kurudilia mara mbili ao tatu. Nyuma ya hapo Windows yenyewe inaleta « Réparation automatique ». Kuingia « Options avancées », kisha « Dépannage », kisha tena « Options avancées ».

4. Kuchagua « Désinstaller des mises à jour ». Kuanza na sasisho la « qualité », lile dogo la kila mwezi. Kama haitoshi, kujaribu lile la « fonctionnalités ». Hili la pili kwa kawaida linaondolewa ndani ya siku 10 tu, kwa hiyo kukawia ni hatari.

5. Kama bado: « Paramètres de démarrage », « Redémarrer », kisha namba 4 kwa « mode sans échec ». Mashine ikifunguka, kazi ya kwanza ni kukopia mafaili ku disiki ya inje. Ndipo kuondoa piloti ao programu ya kupinga virusi inayoshukiwa. Namba 9 inazuia mashine kujiwasha tena yenyewe, ili mutu asome kodi ya kosa ku skrini na kuiandika.

6. « Restauration du système » inarudisha Windows ku siku ya mbele ya sasisho, kama alama ya siku hiyo ilihifadhiwa. Haigusi picha wala maandiko.

7. Mwisho kabisa: « Réinitialiser ce PC » na « Conserver mes fichiers ». Programu zitaondoka, mafaili ya mutu yatabaki.

Mashine ikiomba ufunguo wa BitLocker, ni namba ya tarakimu 48. Mara mingi iko ndani ya konti ya Microsoft ya mwenye mashine, na inaweza kutafutwa kwa simu. Pasipo ufunguo huo, hata fundi mukali hafungue disiki.

Kama ni lazima kwenda kwa fundi

Neno la kwanza liwe: « Kopia mafaili mbele ya kugusa kitu. » Hata Windows ikikataa kabisa, disiki inaweza kutolewa na kusomwa ku mashine ingine, ao fundi anaweza kuiwasha kwa Linux iliyo ndani ya kle USB.

Kwa siku zijazo

Sasisho lisianzishwe saa ambazo kartie inazoea kukosa umeme. « Suspendre les mises à jour » inaahirisha kwa majuma machache. Lakini kuyafunga milele si dawa, juu virusi vinatembea kila siku kwa kle za kuazimana. Na tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imeacha musaada wa kawaida kwa Windows 10. Wenye kuitumia wazidi kuwa waangalifu.

Faili lenye kukaa fasi moja tu linaweza kupotea na mashine. Nakala moja ku disiki ya inje, ingine kwa ndugu ao ku intaneti, inatosha ili ordinatere ikianguka, kazi ya mutu isianguke nayo.