Miamba ya Ziwa Victoria na Hesabu ya Miaka

Mgeni afikapo Mwanza hulakiwa na mawe. Sisi wahubiri tumeyatumia mara nyingi kama mfano wa uthabiti wa Mungu, lakini ni nadra kuuliza umri wake. Vijana wetu wanauliza, na wengine hudhani kwamba jibu litawalazimisha kuchagua kati ya shule na Kanisa. Hatuna budi kuwajibu.

Mawe ya Mwanza ni itale, iliyoganda kutokana na mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Ndani yake hamna visukuku, kwani mwamba wa namna hiyo hauhifadhi mifupa. Visukuku mashuhuri vya ukanda wa ziwa vimo upande wa Kenya, katika udongo na majivu ya volkano yaliyolala tabaka juu ya tabaka. Majivu hayo yana potasiamu, ambayo sehemu yake hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni kwa kasi inayojulikana. Gesi hiyo ikipimwa, umri wa tabaka hukadiriwa.

Visukuku vya kisiwa cha Maboko viligunduliwa mwaka 1933 na mtumishi wa Kanisa, Walter Edwin Owen, Arkidiakoni wa Kianglikana wa Kavirondo, aliyejulikana pia kwa kuwatetea wenyeji dhidi ya kazi za shuruti. Umri wake ni kama miaka milioni 15. Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga, Mary Leakey aliona fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya sokwe wa kale, la miaka ipatayo milioni 18. Wanajiolojia huziita nyakati hizo Miosini. Ziwa lenyewe lilikuwa bado halijakuwapo.

Wengi hudhani kwamba Biblia imetaja mwaka wa uumbaji. La hasha. Mwaka 4004 K.K. ulitokana na hesabu ya Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland, iliyochapishwa mwaka 1650. Ilikuwa kazi ya msomi mwenye bidii, wala haimo katika ungamo letu la imani. Twaungama kwamba Mungu ni Muumba, hatuungami tarehe.

Basi, ndugu watumishi, kijana ajapo na swali lake tusimkemee. Owen alichimba Maboko akiwa bado arkidiakoni. Nasi twaweza kusimama juu ya mawe ya Mwanza, tukajua umri wake, na bado tukasali.