Tofali Moja, Matofali Mawili: Hesabu za Kwanza za Mtoto



Msikiti wa Mtume Muhammad (S.A.W.) ulipojengwa Madina, kuta zake zilikuwa za matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Masahaba walibeba tofali moja moja. Ammar bin Yasir (R.A.) alibeba mawili mawili. Habari hii imo katika Sahih Bukhari, na wengi wetu tuliisikia chuoni tulipofundishwa sifa za Ammar. Mimi juzi niliitumia kwa jambo jengine: kumfundisha hesabu mtoto wa miaka minne, kwa simu.

Mtoto ni wa mdogo wangu. Aliolewa hapa Unguja, mumewe akapata kazi bara, naye akamfuata hadi Sibwesa, Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Biharusi wetu wengi siku hizi wanafuata waume zao mbali hivyo, na mtoto anapozaliwa hakuna bibi wa kumkalisha ukumbini na kumhesabia kokwa za ubuyu. Aliniomba nimtumie yale matofali ya plastiki ya rangi rangi. Nilipoulizia bei nikanyamaza kidogo. Kisha nikamuuliza, nyumba mnayokaa imejengwa kwa nini? Akacheka. Matofali ya udongo.

Mchezo huu ni mkongwe kuliko plastiki. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyezaliwa 1782, alifiwa na mama yake kabla hajatimiza mwaka. Ukubwani alisoma elimu ya madini, akavutiwa na namna fuwele zinavyojipanga kwa pembe na vipimo. Mwaka 1837, katika mji wa Blankenburg, alianza kutengeneza vifaa vya kuchezea watoto wadogo, akaviita zawadi. Zawadi ya tatu ni mchemraba wa mbao uliogawanywa vimchemraba vinane. Ya nne ni mchemraba kama ule, lakini huu umegawanywa vitofali vinane: urefu wa kila kimoja ni mara mbili ya upana wake, na upana ni mara mbili ya unene. Humo mna nusu, robo na thumuni (ndiyo, thumuni ile ile ya wazee wetu) kabla mwalimu hajatamka neno. Shule yake aliiita Kindergarten, bustani ya watoto. Serikali ya Prussia ikaiogopa bustani hiyo na kuzipiga marufuku shule za namna hiyo mwaka 1851. Froebel alikufa mwaka uliofuata, na marufuku haikuondolewa hadi 1860. Walioziendeleza na kuzieneza khasa walikuwa wanawake.

Yale ya plastiki ni ya juzi tu. Seremala Ole Kirk Christiansen wa Billund, Denmark, alianza kutengeneza vichezeo vya mbao mwaka 1932. Kampuni yake, LEGO, ilitoa matofali ya plastiki mwaka 1949, na lile tunalolijua leo, lenye mirija ndani ya kushikana na mwenzake, liliombewa hataza mwaka 1958. Ni kifaa kizuri, sitasema uongo. Lakini kinachofundisha hesabu si plastiki, ni kule kulingana: kila tofali sawa na mwenzake, na mafupi mawili sawa na refu moja.

Mama mkwe wa mdogo wangu hakupendezwa. Mtoto apelekwe kusoma, alisema, asifundishwe kuchezea udongo. Namuelewa, maana hata sisi tulilelewa hivyo, mchezo upande huu na elimu upande ule. Lakini Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na vichezeo vyake, na miongoni mwao farasi mwenye mabawa ya vipande vya nguo. Mtume (S.A.W.) alipouliza habari ya mabawa, alijibiwa kuwa farasi wa Nabii Suleiman walikuwa nayo, naye akacheka. Hakumpokonya.

Na tunao ushahidi wa karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa Pwani ya Kenya walisikitika kuona watoto wao wanabaki nyuma skuli. Watoto walikuwa wakienda chuoni, lakini wakifika darasa la kwanza wanakuta wenzao wamewatangulia. Viongozi hao wakaomba msaada kwa Aga Khan, na mwaka 1986 Mpango wa Madrasa ukaanza Mombasa, akiwa mbele yake mwalimu Bi Swafiya Said. Hakuleta makontena ya vichezeo. Aliwafundisha wanawake wa mitaani, wengi wao wasio na elimu kubwa ya skuli, na vifaa vikawa vifuu vya nazi, vizibo vya chupa, makopo na vipande vya mbao, pamoja na sura za Qur'ani na maadili yetu. Mwaka 1990 mpango ukafika Zanzibar na 1993 Uganda, na skuli zake zikapita 200. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwalinganisha watoto hao na waliosoma skuli nyengine za awali na waliobaki nyumbani. Wa Madrasa walikuwa wamesonga mbele zaidi.

Kwa hiyo Sibwesa tulianza na udongo wa kichuguu, ambao mafundi wa bara wanausifu kwa kushikana. Kalibu ni kile kisanduku cha ndani cha kiberiti. Kinalowana haraka, basi weka vitatu au vinne. Vitofali vikauke kivulini, juani vinapasuka.

Nilimwambia siku za mwanzo asimhesabishe kitu, amwache ajenge. Kisha moja moja. Mtoto anayeimba moja hadi kumi bado hajajua kuhesabu. Mwangalie kidole, kinakimbia mbele ya mdomo. Kila kitofali kipate neno lake moja. Akimaliza muulize, vingapi? Akianza tena kuhesabu toka mwanzo, hajajua kuwa neno la mwisho ndilo jibu. Usimkaripie. Atajua.

Baadaye akaja Ammar na viwili viwili vyake. Mtoto akapenda kuwa Ammar, akibeba kutoka mlangoni hadi ukutani, na mama anahesabu safari.

Penye kumi tulikaa sana, kwa sababu ya lugha yetu. Kumi na moja inajieleza yenyewe, mnara wa kumi na kimoja pembeni. Lakini ishirini ni neno la Kiarabu, halimwambii mtoto lina kumi ngapi ndani yake. Wazee walisema pia makumi mawili, na kwa mtoto mdogo nalipenda hilo zaidi: minara miwili, makumi mawili. Kisha ndipo umwambie kuwa makumi mawili jina lake jengine ni ishirini. Kanga zetu nazo ni hesabu. Doti moja vipande viwili, korja moja vitu ishirini. Biharusi anayepanga sanduku lake anazidisha bila kujijua.

Jana usiku mdogo wangu alinitumia sauti. Mtoto alikuwa amepanga vitofali kumi na viwili, Ammar amekwenda safari sita, kila kitu sawa. Kimoja kikaanguka, kikakatika katikati. Mama akamuuliza, sasa viko vingapi? Kimya kirefu, nikadhani simu imekatika. Kisha nikasikia kisauti: "Kumi na kimoja, na nusu, na nusu."

"Nimwambieje?" mdogo wangu akauliza. Nikamjibu asimwambie kitu. Ampe vile vipande viwili avishike.