Mkaa na Udongo Mwekundu: Michoro ya Askari katika Ngome ya Mombasa

Kiswahili tunachokisema Baraka, Fizi na katika vijiji vya rasi ya Ubwari kilitufikia pamoja na misafara, kutoka pwani hadi Ujiji, kisha kwa mitumbwi ng'ambo hii ya Ziwa Tanganyika. Ndiyo maana habari za pwani zinatuhusu, na hakuna jengo la pwani lililogombewa kama Ngome ya Yesu, Mombasa.

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1631 Sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa, makao ya Wareno huko India, na kubatizwa Jerónimo, aliwageukia, akamwua kapteni wao na kuiteka. Mwaka uliofuata akaihama, nao wakarudi.

Katika karne hiyo ya 17, askari na mabaharia wa Kireno walichora ukutani humo, kwenye buruji ya São Mateus. Walitumia mkaa na udongo mwekundu, wakachora watu, samaki, makanisa, na merikebu. Merikebu hizo ndizo zinazonishika moyo. Kwa askari wa ngomeni, merikebu ilikuwa baruti, mchele, barua, askari wa kumpokea zamu, na njia ya kurudi kwao. Za kutoka Goa zilisukumwa na kaskazi. Msimu ukipita, kilichobaki ni kungoja. Makapteni waliandika ripoti zao kwa wakubwa. Hawa wadogo waliandika ukutani walichokitamani, na majina yao hayajulikani.

Kungoja kulikokuwa kuchungu kuliko kote kulianza tarehe 13 Machi 1696, majeshi ya Imamu Saif bin Sultan wa Omani yalipoizingira ngome. Vitabu vingi husimulia kwamba hivyo vilikuwa vita vya Wareno na Waomani. Kwangu mimi hiyo ni nusu ya habari. Ndani walikuwamo Waswahili wengi kuliko Wareno, wanawake na watoto wakiwemo. Maradhi yaliwamaliza Wareno, na kufikia Agosti 1697 aliyeishika ngome alikuwa Bwana Daud wa Faza na watu wake. Msaada wa Wareno ukaja Septemba. Mwezi uliofuata merikebu mojawapo ya msaada huo, Santo António de Tanná, ikazama chini ya kuta zenyewe. Wapiga mbizi waliichunguza kati ya 1977 na 1980. Ngome ilianguka tarehe 13 Desemba 1698, baada ya miezi 33. Siku chache tu baadaye merikebu za Goa zikatokea, zikaiona bendera ya Omani juu ya kuta, zikageuza.

Baadaye Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza, kuanzia 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho, na tangu 2011 imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Ukuta ule wa michoro umehifadhiwa humo.

Nasi Fizi vita vimetupitia: 1965, Che Guevara aliposhukia Kibamba akitokea Kigoma, 1996, 1998. Walimu na wazee wa Ubwari, mkikuta mchoro wa siku hizo ukutani, msiupake chokaa kabla ya kuupiga picha. Na aliyeuchora akiwa hai, mwulizeni, mwandike jina lake.